Wilaya au Ufalme: Mabishano ya Namna ya Kuiacha Toro

Machi 1962, wajumbe wa Wakonzo na Waamba walinyanyuka katika Rukurato, baraza la ufalme wa Toro mjini Fort Portal, wakatoka nje. Uhuru wa Uganda ulikuwa umebakiza miezi saba, na Toro ilikuwa mbioni kupanga katiba ambayo ingeiingiza katika taifa jipya ikiwa na hadhi yake ya kifalme. Wajumbe hao, wakiongozwa na Isaya Mukirania, Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, walitaka katiba itamke wazi kwamba wenyeji wa Toro ni Watoro, Wakonzo na Waamba. Walipokataliwa walidai wilaya yao wenyewe. Kuanzia hapo simulizi nyingi zinazosikika Mubuku, Kasese na Bwera huruka upesi hadi Juni 30, 1962, siku Rwenzururu, nchi ya milimani waliyojiundia waasi hao, ilipojitangazia uhuru, kisha vita vya milimani, kisha mfalme kijana. Katika kuruka huko hupotea jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloeleza kwa nini mgogoro huu ulichukua miaka 20 na makovu yake hayajapona. Waliotoka nje ya baraza walikuwa wamoja katika kuondoka. Masharti ya kuondoka hayakuwahi kuwa na makubaliano, si kati yao na Toro, si kati yao na Kampala, na zaidi ya yote si kati yao wenyewe.

Umoja waliotaka kuuacha haukuwa wa kale kama watetezi wake walivyodai. Toro yenyewe ilizaliwa kwa kujitenga: yapata mwaka 1830 Kaboyo, mwana wa mfalme wa Bunyoro, aliikata sehemu ya kusini ya himaya ya baba yake akajitawalia. Baadaye katika karne hiyo Bunyoro iliirudisha mikononi mwake, mpaka Lugard, ofisa wa Kiingereza, alipomrudisha Kasagama kwenye kiti cha ufalme wa Toro mwaka 1891. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Kasagama na Waingereza ndio uliofunga milima ya Rwenzori, bonde la Semuliki na tambarare za Busongora ndani ya mipaka ya Toro. Watu wa milimani hawakuulizwa. Jibu lao lilikuja mapema, katika uasi wa Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya uliozimwa mwaka 1921 kwa kuwanyonga viongozi hao watatu. Baada ya hapo ubishi ulihamia katika mambo ya kila siku: kodi inayopelekwa Fort Portal, machifu wanaoletwa kutoka Fort Portal, watoto wanaofundishwa kwa Kitoro darasani, nafasi chache za masomo. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1959 Wakonzo walizidi laki moja, lakini katika uongozi wa ufalme ungewahesabu kwa vidole. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese na shaba ya Kilembe ikaanza kushuka kuelekea pwani. Kuanzia hapo atakayeondoka Toro angeondoka na mgodi. Haihitaji mchumi kuona kwa nini Fort Portal haikutaka hata kuanzisha mazungumzo.

Sasa tuwaangalie wenyewe waliotaka kuondoka, maana hapa ndipo penye kiini. Baada ya kutoka barazani viongozi hao watatu walikamatwa na kushtakiwa. Mukirania, mwalimu aliyekuwa amewaunganisha Wakonzo kupitia chama cha kutafiti historia yao, aliruka dhamana akapanda mlimani. Kawamara na Mupalya walibaki mikononi mwa sheria, wakafungwa. Kutengana huko kwa njia kulikuwa pia kutengana kwa madai. Wenzake wawili waliendelea kutaka wilaya: wabaki raia wa Uganda, walipe kodi Kampala badala ya Fort Portal, wachague madiwani wao, wasomeshe kwa lugha zao. Mukirania alitaka kuiacha Toro na kuiacha Uganda pia iliyoikumbatia Toro. Mwaka 1963 aliifanya Rwenzururu kuwa ufalme, yeye akiwa mfalme, ikawa na bendera, machifu na watoza ushuru wake. Waamba wengi waliona kwamba kumtoka Omukama, mfalme wa Watoro, ili kuingia chini ya mfalme wa Wakonzo ni kubadilisha mlango tu, wakajitenga na mradi huo. Kwa hiyo kabla risasi hazijakolea, tayari palikuwa na njia mbili za kuondoka, na mfuasi wa njia moja aliweza kumwona mfuasi wa njia nyingine kuwa msaliti.

Je, serikali ingeweza kufanya nini? Jibu tunalo katika katiba ileile ya uhuru. Wanyoro wa kaunti zilizochukuliwa na Buganda nao walikuwa wakilalamika kwa miaka mingi, na katiba ya mwaka 1962 iliwawekea njia: kura ya maoni baada ya muda uliotajwa. Kura ilipigwa Novemba 1964, Buyaga na Bugangaizi zikachagua kurudi Bunyoro, na ushirikiano wa Waziri Mkuu Obote na chama cha Kabaka, mfalme wa Buganda, ulivunjika kwa sababu ya kura hiyo, lakini mpaka ulisogezwa na karatasi. Wakonzo na Waamba walipewa tume. Tume ya Dkt. Ssembeguya, mwaka huohuo wa 1962, ilikiri kwamba manung'uniko yalikuwa na msingi, lakini haikukubali wilaya mpya. Februari 1963 hali ya hatari ikatangazwa. Obote alimtuma hata mwandishi Mwingereza Tom Stacey, aliyezunguka milima hiyo na Mukirania mwaka 1954, akajaribu kuzungumza naye, bila mafanikio. Mjumbe mmoja hawezi kuziba nafasi ya sanduku la kura. Kama swali "mnataka Toro, au mnataka wilaya?" lingeulizwa kijiji kwa kijiji kutoka Bundibugyo hadi Bwera, wenye msimamo wa Kawamara wangekuwa na kitu cha kuwaonyesha watu. Walikuwa na hati ya kifungo tu.

Watetezi wa Toro wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Walisema kwamba kila kabila likipewa wilaya taifa litakatika vipande, na kwamba mkataba ni mkataba. Kuhusu vipande, historia ya Uganda imewapa ushahidi mwingi, kwani wilaya zimezidi mia moja na huduma hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Lakini hoja hiyo inahusu wilaya ngapi ziwepo. Haijibu swali la watu waliotiwa katika mkataba wa 1900 bila kuulizwa. Tena ni vigumu kwa ufalme uliojikata kutoka Bunyoro kufundisha wengine ubaya wa kujikata.

Hoja ya pili hutoka upande wa mlima, na ina nguvu zaidi: bila bunduki za Mukirania, husemwa, wilaya isingekuja kamwe. Mwaka 1974 Amin aliunda wilaya ya Rwenzori, Kasese ya leo, na ya Semuliki, Bundibugyo ya leo. Lakini tazama tarehe. Kama mapigano yalikuwa ya kutafuta wilaya, yangekoma mwaka huo. Yaliendelea hadi Agosti 1982, Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirania aliyerithi kiti mwaka 1966 akiwa bado mtoto, aliposhuka na watu wake wakasalimisha silaha kwa serikali ya Obote. Na kama yalikuwa ya kutafuta ufalme, basi wilaya ya 1974 haikuwa tunda lake. Waamba walipata Semuliki siku zilezile bila kuwa na mfalme mlimani. Sikatai kwamba shinikizo lilisaidia. Ninachosema ni kwamba kilichokuja kwa amri ya Amin kilikuwa dai la Kawamara na Mupalya la 1962, kikiwa kimechelewa kwa miaka 12 na maelfu ya watu waliofukuzwa makwao.

Amri ina kasoro nyingine: haiandikwi na wanaohusika. Tazama waliotengana kwingine: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya, Uganda na Tanzania zilihitaji miaka saba na msuluhishi wa Uswisi, Victor Umbricht, kugawana mali na madeni. Mkataba ulitiwa saini Arusha Mei 1984. Uingereza nayo ilipiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya Juni 2016 na ikajikuta haijui inatoka kwa masharti gani. Kasese haikupata hata meza ya kubishania. Wasongora na Wanyabindi, waliokuwa wachache ndani ya Toro, waliamka wakiwa wachache ndani ya wilaya ya Wakonzo, bila kifungu chochote kuhusu malisho au uwakilishi wao. Tambarare za Mubuku zilizo chini ya mlima, penye maji ya umwagiliaji, zikawa mahali ambapo mkulima na mfugaji kila mmoja ana historia ya kudai. Serikali ilipowagawia Wasongora waliofukuzwa Kongo sehemu za ardhi ya umma wilayani Kasese mwaka 2007, ubishi ulirudi palepale. Mwaka 2009 Kampala iliutambua Obusinga bwa Rwenzururu, yaani ufalme wa Rwenzururu, kama taasisi ya kitamaduni chini ya katiba ya 1995, ambayo inawazuia wafalme kuingia katika siasa. Eneo la Omusinga, mfalme wake, na waliomo ambao si watu wake vikaachwa vijitatue. Havikujitatua. Novemba 2016 jeshi lilishambulia ikulu ya Omusinga huko Kasese, wakafa zaidi ya watu 100.

Katikati ya hayo limeibuka pendekezo la kuigawa Kasese na kuipa Bwera wilaya yake. Wanaolitaka hutoa sababu ambazo Mupalya angezitambua: makao makuu yako mbali, bajeti inaishia mjini, Mpondwe inaingiza ushuru wa mpakani lakini barabara za milimani hazionekani. Obusinga umepinga, ukisema kuigawa wilaya ni kuwagawa Wakonzo, na hiyo nayo ni kauli ambayo wazee wa Rukurato wangeitambua. Ubishi huo ungepata nafuu kama wahusika wangeanza na yale ambayo hayakuandikwa mwaka 1974: nani atabaki mchache upande upi, ardhi ya tambarare itasimamiwa na nani, ushuru wa Mpondwe utagawanywa vipi, na wakazi wa Bwera wenyewe watapiga kura lini.