Daktari wa Pwani na Uzamifu wa Saratani

Uzamili humfanya daktari kuwa bingwa wa kutibu. Uzamifu humfunza kutafiti chanzo cha ugonjwa.

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji huko Mulago, Kampala, alieleza saratani ya taya za watoto. Sampuli zikapelekwa London, na 1964 wataalamu wa huko wakatangaza virusi walivyovipata ndani yake. Saratani hiyo huandamana pia na malaria.

Na malaria hutafitiwa hapa jirani: kituo cha KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, tangu 1989, na wanafunzi wa uzamifu hulelewa hapo. Daktari wa Likoni, Kisauni au Changamwe mwenye hamu aanze na swali la wodini kwake, kisha atafute msimamizi. Tusiishie kutoa sampuli tu.