Kombora la Ngadi

Tarehe 2 Januari 2014, Kanali Mamadou Ndala wa jeshi la Kongo alitoka Beni mjini akishika njia ya kaskazini, upande wa Eringeti, kwenda kuwaona askari wake waliokuwa vitani. Hakufika mbali. Alipofika Ngadi, pembeni tu mwa mji, kombora lilipiga gari lake na gari likawaka moto. Kanali aliteketea pamoja na walinzi wake. Alikuwa na miaka 35. Picha ya gari lile likiwaka moto ilizunguka kwenye simu za watu, na Goma, Beni na Kinshasa watu walilia barabarani.

Mahali penyewe ndipo penye uzito. Ngadi si Kamango. Kwa Kamango, ukivuka mto Semuliki na kuingia nchi ya Watalinga chini ya Rwenzori, msituni humo ungetegemea kuviziwa. Ngadi ilikuwa njia ya kila siku ya jeshi, kati ya mji na uwanja wa ndege wa Mavivi. Aliyelenga pale alijua gari gani lingepita, na lini. Jambo kama hilo adui wa porini huwa haambiwi na miti.

Mamadou alizaliwa Ibambi, katika Orientale ya zamani, tarehe 8 Desemba 1978. Jina lake lilivuma mwaka 2013 akiongoza batalioni ya 42 ya makomando dhidi ya waasi wa M23. Hao M23 hawakuwa wageni kwa jeshi la Kongo. Kamanda wao Sultani Makenga, hadi mwanzoni mwa 2012, alikuwa kanali wa jeshi hilo hilo, na kituo chake kilikuwa Bukavu. Mwenzake Bosco Ntaganda alikuwa jenerali, akiishi Goma bila kujificha, ingawa hati ya kumkamata kutoka mahakama ya kimataifa ya The Hague ilikuwapo tangu 2006. Kwa miaka mitatu walikula chungu kimoja na wale ambao baadaye waliwapiga risasi. Uasi ulipoanza Aprili 2012, wandani wa jana wakawa windo la leo. Tarehe 20 Novemba waasi waliingia Goma, na jeshi likaikimbia.

Ndiyo maana watu wa Goma walimpenda kanali huyu kiasi kile. Julai 2013, uvumi uliposambaa kwamba anaitwa Kinshasa, wanawake waliandamana kupinga. Oktoba askari walitwaa Kibumba, Rutshuru, Rumangabo na Bunagana, mji baada ya mji, huku kikosi cha Umoja wa Mataifa chenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi kikiwaunga mkono. Tarehe 5 Novemba M23 ilitangaza kuweka silaha chini. Ntaganda alikuwa amekwisha kujisalimisha mwezi Machi: aliingia kwa miguu yake kwenye ubalozi wa Marekani mjini Kigali na kuomba apelekwe The Hague.

Baada ya hapo Mamadou alipelekwa Beni, kuwinda waasi wa ADF. Huku nako habari ya urafiki wa zamani ilimngoja, tena yenye mizizi mirefu zaidi.

Wazee wa Beni hadi leo huwaita watu hawa NALU. Jina hilo ni la kundi la Wakonjo wa Uganda, ndugu wa Wanande kwa lugha, waliojificha upande huu wa Rwenzori wakati wa Mobutu, naye akawakaribisha kwa sababu zake za kisiasa. Mwaka 1995 waliungana na vijana Waislamu wa Jamil Mukulu, ikazaliwa ADF. Novemba 1996 walivuka mpaka na kushambulia Mpondwe, Uganda, wakarudishwa milimani. Kisha wakakaa. Walioa binti za wenyeji, wakalima, wakauza mbao, wakawa na watu wao sokoni na kwenye biashara ya pikipiki. Walikuwa majirani wenye bunduki, na kwa miaka mingi jirani mwenye bunduki alivumiliwa. Yeyote anayeandika kwamba ADF walishuka kutoka mbinguni mwaka 2013 anaifuta miaka ishirini ya Beni.

Ujirani huo ulivunjika mbele ya macho ya Kamango. Tarehe 11 Julai 2013 ADF waliushambulia mji huo, na watu zaidi ya 60,000 wakakimbilia Bundibugyo, Uganda, wakipita Nobili na magodoro vichwani, mbuzi na watoto mkononi. Wengi walihamishiwa kambi ya Kyangwali. Machi mwaka uliofuata, wakimbizi waliotaka kurudi kwao walipanda mashua iliyojaa kupita kiasi kwenye ziwa Albert. Ilizama tarehe 22, wakafa watu wapatao 250. Siku ya Noeli 2013 Kamango ilipigwa tena, jeshi likairudisha. Wiki moja baadaye ndipo Mamadou akapita Ngadi.

Kwenye filamu, mwindaji na rafiki yake wa zamani hukutana mwishoni ana kwa ana. Mamadou hakuona uso wa mtu.

Operesheni Sukola 1 dhidi ya ADF ilianza siku 14 baada ya kifo chake, chini ya Jenerali Lucien Bahuma. Aprili jeshi lilitwaa Madina, kambi kuu ya ADF, na Mukulu akatoweka. Alikamatwa Tanzania mwaka 2015 na kukabidhiwa Uganda. Bahuma mwenyewe alifariki kwa ugonjwa mwishoni mwa Agosti 2014.

Oktoba 2014 mahakama ya kijeshi ilikaa Beni, hadharani, kusikiliza kesi ya mauaji ya Mamadou. Mahakimu walivaa sare, waendesha mashtaka walivaa sare, na washtakiwa wakuu walikuwa maofisa wa jeshi lilo hilo. Nauheshimu uamuzi wa kuifanya kesi palepale, karibu na majivu, mbele ya watu waliompenda marehemu. Lakini wakati maswali yakiendelea kuulizwa mahakamani, usiku wa tarehe 15 Oktoba wauaji waliingia Ngadi, Ngadi ile ile, kwa mapanga na shoka, wakaua watu zaidi ya 20. Asubuhi wenyeji walihesabu maiti za wake na watoto wao, kisha wengine mjini wakarudi kusikiliza nani alimuua kanali.

Hukumu ilisomwa tarehe 17 Novemba. Luteni Kanali Birocho Nzanzu, aliyekana mashtaka, alipatikana na hatia ya ugaidi: mahakama ilisema alishirikiana na ADF katika mauaji yale. Alihukumiwa kifo, ingawa wakati huo Kongo ilikuwa haijamnyonga wala kumpiga risasi mfungwa yeyote tangu 2003. Wengi Beni hawakuridhika. Walitaka kujua kama habari iliishia kwenye cheo cha luteni kanali.

Swali hilo lilikuwa na haki yake. Tarehe 1 Februari 2018 Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo Jenerali Muhindo Akili Mundos, aliyeiongoza Sukola 1 baada ya Bahuma, ukisema aliwaingiza na kuwapa vifaa baadhi ya wapiganaji wa ADF ili washiriki katika mauaji yaliyoanza Agosti 2014. Miezi miwili kabla yake, usiku wa tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya walinda amani kwenye daraja la Semuliki, barabara ya Mbau–Kamango, ilivamiwa kwa saa nyingi. Watanzania 15 walikufa, mbali na kwao, katika vita ambavyo hata wenyeji wa Beni walikuwa bado wanaulizana nani ni nani.

Tarehe 30 Novemba 2021 majeshi ya Uganda yaliingia kwa mwaliko wa Kinshasa, na baadhi yalipita Nobili, yakiifuata njia ya Kamango kuelekea Semuliki. Nyuma yao zilifuata mashine za kutengeneza barabara. Mzee wa Watalinga aliyesimama kando siku hiyo alikuwa amekwisha kuwaona askari wa nchi hiyo: walikuja mwaka 1998, nao wakisema wanawafuata ADF, wakapigana na serikali ya Kongo, wakaondoka 2003.