Paka Aliyeugua na Simba wa Jirani

Katika Bariadi, nchi ya pamba na mahindi, paka wa nyumbani hupimwa kwanza kwa panya awakamatao. Paka aliyeokotwa, mwenye jicho bovu na pua itokayo kamasi, hana cheo katika kipimo hicho; ni rahisi afukuzwe uani kwa hofu kwamba aliyeugua jana ataleta maradhi nyumbani kesho. Hofu hiyo si ya upuuzi. Walakini historia ya maradhi ya jamii ya paka, ambayo sehemu yake kubwa imeandikwa katika nyika zilizo jirani na Bariadi yenyewe, haiiungi mkono sana.

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka wa 2012, upande wake wa mashariki unafika katika mbuga za Serengeti. Mapema katika mwaka wa 1994 simba wa mbuga hizo walionekana wakitetemeka na kuanguka kama wenye kifafa. Ugonjwa ulikuwa distempa, maradhi ya mbwa, ambayo kabla ya hapo ilidhaniwa kuwa hayawadhuru sana jamii ya paka. Simba wapatao 1,000 walikufa, yaani kadiri ya theluthi moja ya wote. Lawama iliwaangukia mbwa wa vijiji vilivyo kandokando ya hifadhi, na chanjo zikaanza kupelekwa huko.

Lakini jambo la kutazamwa zaidi ni simba waliobaki. Hao waliugua wakapona, wakazaa, na baada ya miaka michache idadi ikarudi. Wataalamu walipoichunguza damu ya simba iliyokuwa imehifadhiwa kwa miaka mingi, waliona kuwa distempa ilikwisha kupita katika makundi hayo zaidi ya mara moja bila kuleta vifo vya kutisha. Mwaka wa 1994 ulitofautiana na mingine kwa sababu ya ukame wa 1993: nyati walidhoofika, kupe wakazidi, na vijidudu vya babesia viletwavyo na kupe vikawaingia simba waliokula nyati hao. Maradhi mawili yaliyokutana ndiyo yaliyoua. Basi alama ya ugonjwa katika damu, peke yake, haikuwa hukumu ya mauti.

Kisa cha pili kinaanza mbali, katika California, nchini Marekani. Mwaka wa 1986, katika kundi la paka waliookotwa na kutunzwa pamoja mjini Petaluma, waligunduliwa virusi vinavyopunguza kinga ya mwili wa paka, jamaa wa virusi vya UKIMWI, lakini visivyomwambukiza mwanadamu. Pasipo mtu aliyekubali kuwalea paka dhaifu, yamkini ugunduzi huo ungechelewa. Baadaye virusi vya aina hiyohiyo, vyenye nasaba yao wenyewe, vilionekana katika simba wa Serengeti, na karibu simba wazima wote walikuwa navyo. Wataalamu wamebishana juu ya madhara yake. Simba wameendelea kuwinda na kulea watoto. Hali kadhalika paka wa nyumbani mwenye virusi vyake huweza kuishi miaka mingi, mradi ale vizuri, asiumwe na kupe na viroboto, wala asipigane na paka wengine, kwa kuwa virusi hupita zaidi katika jeraha la kuumana.

Kichaa cha mbwa ni habari nyingine kabisa. Huo hauna waliopona wa kuhesabiwa: dalili zikisha kuonekana, paka hufa, na aliyemwuma yu katika hatari. Kwa hiyo anayempokea paka asiyejulikana alikotoka hana sababu ya kuuliza sana juu ya kikohozi cha mwaka jana; aulize kama amechanjwa, na kama hakuchanjwa ampeleke kwa daktari wa mifugo. Katika kampeni za chanjo za vijiji vya ukingo wa Serengeti, paka nao wamekuwa wakipokewa pamoja na mbwa.