Taa ya injini: msimbo wa hitilafu ni dalili, si hukumu

Taa ya manjano yenye umbo la injini inapowaka kwenye dashibodi, safari ya dereva wa Kampala mara nyingi huishia Kisekka, soko mashuhuri la vipuri katikati ya jiji. Kabla ya kununua chochote, yafaa kufahamu kile ambacho kompyuta ya gari imesema, na kile ambacho haikusema.

Msimbo husomwaje?

Kompyuta hupokea vipimo kutoka kwa sensa za injini. Kipimo kikivuka kiwango kilichowekwa, huhifadhi msimbo, kwa kawaida herufi moja na tarakimu nne. Fundi huusoma kwa kuunganisha mashine kwenye tundu lililo chini ya dashibodi, karibu na usukani.

Herufi P huhusu injini na giaboksi, B bodi, C breki na mifumo ya chini ya gari, na U mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, msimbo una maana moja kwa watengenezaji wote; ikiwa 1, maana yake hutegemea mtengenezaji.

Marekani ilianza kulazimisha mfumo huu kwa magari ya mwaka 1996. Baadhi ya magari ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, ingawa yana tundu hilohilo, hayasomeki kwa mashine za bei nafuu.

Kutafuta chanzo

Msimbo P0301 humaanisha kuwa silinda ya kwanza haichomi mafuta ipasavyo. Chanzo chaweza kuwa plagi, koili, nozeli au mgandamizo hafifu. Iwapo kila silinda ina koili yake, fundi anaweza kubadilishana koili ya kwanza na ya pili. Msimbo ukihamia P0302, koili ndiyo mbovu. Usipohama, uchunguzi uendelee.

P0420 huashiria kuwa katalisti, kifaa kinachosafisha moshi, imepungua nguvu. Hata hivyo, bomba la moshi linalovuja au sensa mbovu ya oksijeni huweza kuleta msimbo huohuo. Anayekimbilia kubadilisha katalisti anaweza kupoteza fedha nyingi huku tatizo likibaki palepale.

Kufuta si kutengeneza

Msimbo ukifutwa, au betri ikichomolewa, taa huzimika kwa muda tu, na hurudi iwapo chanzo kipo. Anayenunua gari lililotumika aombe lipimwe: mashine ikionyesha kwamba kompyuta bado haijakamilisha majaribio yake ya ndani, huenda kumbukumbu imefutwa hivi karibuni.

Taa ikiwaka bila kupepesa na gari likienda vizuri, dereva anaweza kulifikisha gereji. Ikipepesa, apunguze mwendo na asimame mahali salama: mafuta yasiyoungua yanaweza kuiunguza katalisti. Ikiwaka taa nyekundu ya shinikizo la oili au ya joto, injini izimwe mara moja.