Nahodha Picard: shujaa aliyeshinda kwa hoja

Jean-Luc Picard, nahodha wa chombo cha anga cha Enterprise katika tamthilia ya Marekani Star Trek: The Next Generation, aliingia kwenye runinga tarehe 28 Septemba 1987, na katika kipindi hicho hicho cha kwanza alisalimu amri. Kiumbe mwenye uwezo usio na mipaka, aitwaye Q, alikuwa akikifukuza chombo chake, nacho kilibeba zaidi ya watu elfu moja, watoto wakiwamo. Picard aliitenga sehemu yenye familia ili iponyoke, akabaki nyuma na sehemu ya vita, kisha akatangaza kwamba anajisalimisha. Q aliwafungulia wanadamu wote mashtaka ya ukatili. Nahodha hakujaribu kuyakana maovu ya karne zilizopita. Alichoomba ni kwamba wanadamu wa zama zake wapimwe kwa matendo yao wenyewe.

Watazamaji walikuwa wamezoea nahodha wa aina nyingine. Star Trek ya awali, iliyorushwa na NBC kuanzia 1966 hadi 1969, iliongozwa na James T. Kirk, mtu mwepesi wa ngumi na mapenzi, ambaye kila penye hatari alitangulia yeye. Katika tamthilia mpya kazi ya kushuka kwenye sayari ngeni alipewa msaidizi wake, William Riker, na nahodha akabaki kwenye usukani kupima, kusikiliza na kuamua. Gene Roddenberry, mwasisi wa tamthilia zote mbili, hakupendezwa mwanzoni na Patrick Stewart, Mwingereza mwenye upara. Mtayarishaji Robert Justman, aliyemwona Stewart akisoma maigizo jukwaani katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, ndiye aliyeshikilia kwamba apewe nafasi. Stewart, mzaliwa wa Mirfield huko Yorkshire, aliacha shule akiwa na miaka 15, na tangu 1966 alikuwa mwigizaji wa Royal Shakespeare Company. Sauti yake iliyopikwa jukwaani iliwawezesha waandishi kufanya jambo ambalo runinga ya wakati ule iliogopa: kumsimamisha mtu azungumze kwa dakika kadhaa, bila bastola wala mlipuko, na mtazamaji asibanduke.

Wakati wa kwanza uliothibitisha jambo hilo ulikuja Februari 1989, katika kipindi kiitwacho "The Measure of a Man". Aliyekiandika, Melinda Snodgrass, alikuwa mwanasheria kabla ya kugeukia uandishi, na kesi ndiyo uti wa mgongo wa kisa chake. Data, ofisa wa Enterprise aliye mashine yenye umbo la mtu, anaamriwa akafunguliwe vipande na mtaalamu Bruce Maddox, anayetaka kutengeneza wengine mfano wake. Data anakataa. Swali linafika mbele ya hakimu: je, Data ni mtu au ni mali ya jeshi? Riker analazimishwa kuwa mwendesha mashtaka dhidi ya rafiki yake, na anaifanya kazi hiyo vizuri mno, hadi kumng'oa Data mkono na kumzima kama taa mbele ya hadhira.

Picard anatoka nje akiwa ameshindwa. Anayemwinua ni Guinan, mhudumu wa baa ya chombo, aliyeigizwa na Whoopi Goldberg. Kwa maneno machache tu anamwonyesha kwamba maelfu ya viumbe wa kutumwa popote, wasiohesabiwa kuwa watu, wana jina lao katika historia, nalo ni watumwa. Si jambo dogo kwamba hoja hiyo ilitoka kinywani mwa mwigizaji Mmarekani mweusi. Picard anarudi mahakamani na kumtaka Maddox athibitishe kwamba Data hana fahamu, jambo ambalo Maddox hawezi kulifanya hata kwa wanadamu. Data anapewa haki ya kujichagulia. Katika vipindi 178 vya tamthilia hii, hakuna mahali ambapo Picard ni mkubwa kuliko pale, na sababu mojawapo ni kwamba alikubali kufundishwa.

Juni 1990 tamthilia ilimvunja shujaa wake. Waborg, jamii ya viumbe nusu nyama nusu mashine wanaomeza ustaarabu mzima na kufuta nafsi ya kila mmoja, walimteka Picard, wakampachika vyuma na kumfanya msemaji wao kwa jina la Locutus. Msimu wa tatu ukaishia hapo, Riker akiamuru bwana wake apigwe, na watazamaji wakasubiri hadi Septemba. Elimu ya kijeshi ya Picard ilitumika kuteketeza vyombo 39 vya wenzake. Alipookolewa na kuunganishwa na Data, Picard, akiwa bado amenaswa ndani ya akili ya pamoja ya Waborg, alipenyeza neno moja la kuwalaza maadui, na hilo ndilo lililoiokoa dunia. Kilichofuata wiki moja baadaye kilikuwa cha kijasiri zaidi. Badala ya kumrudisha kazini kana kwamba hakuna lililotokea, waandishi walimpeleka nyumbani kwao Ufaransa, kwenye shamba la mizabibu la ukoo, akapigana na kaka yake kwenye matope na kulia kwa hatia. Mashujaa wa runinga wa miaka ile hawakuwa na desturi ya kuonyesha majeraha ya kipindi kilichopita.

Hatia hiyo ilitumiwa dhidi yake Aprili 1991, katika "The Drumhead", kisa kilichochota kutoka enzi ya seneta Joseph McCarthy, Wamarekani walipokuwa wakiwindana kwa tuhuma za ukomunisti. Admirali Norah Satie anaanza kwa kumsaka jasusi wa kweli, kisha anaendelea kusaka hata pasipo na kosa, na kijana mmoja anaangamizwa kwa sababu tu alificha kwamba babu yake ni wa taifa la maadui. Picard anapopinga, anaitwa yeye kizimbani, na damu ya waliokufa kwa mkono wa Locutus inawekwa mbele yake. Anajibu kwa kunukuu maneno ya marehemu baba yake Satie, jaji aliyeheshimika, kuhusu uhuru. Admirali anapandwa na hasira, anajifichua, na mkubwa aliyekuja kushuhudia anainuka na kuondoka bila kusema neno.

Septemba mwaka huo huo, katika "Darmok", ushujaa ulikuwa wa kusikiliza. Nahodha Dathon wa Watamaria, watu wanaozungumza kwa kutaja visa vya kale tu, anajifungia na Picard kwenye sayari yenye mnyama mkali ili hatari iwafundishe kuelewana. Msikilizaji aliyekulia penye methali na mafumbo ataona haraka ugumu uko wapi: Picard anayajua maneno yote, ila hakijui kisa kilichoyazaa. Dathon anajeruhiwa vibaya. Kando ya moto, Picard anamsimulia anayekata roho habari za Gilgamesh na Enkidu, na kesho yake anazuia vita kwa kuzungumza na Watamaria kwa namna yao.

Desemba 1992 ulifika mtihani mkali kuliko yote. Katika "Chain of Command", Picard anatekwa na Wakardasia, jamii hasimu ya viumbe wa sayari nyingine, na kuteswa na Gul Madred, aliyeigizwa na David Warner. Mtesaji anataka jambo moja: aseme kwamba taa nne zilizo mbele yake ni tano. Stewart, mtetezi wa Amnesty International, alijiandaa kwa kutazama rekodi za watu waliowahi kuteswa. Picard anatoka akiwa amekataa hadi mwisho. Baadaye anakiri kwa mshauri wa chombo kwamba alikuwa tayari kusema lolote, na kwamba kwa kitambo aliamini anaziona tano. Ungamo hilo linamfanya aaminike.

Tamthilia ilimalizika tarehe 23 Mei 1994 kwa kipindi kilichoshinda Tuzo ya Hugo. Filamu ya First Contact ya 1996 ilimwonyesha Picard akitekwa na kisasi dhidi ya Waborg, hadi mwanamke aitwaye Lily alipomkemea akasikia. Stewart alirudi tena katika Star Trek: Picard, iliyoonyeshwa kati ya 2020 na 2023. Katika kipindi cha mwisho, mzee huyo anajiunganisha tena na Waborg kwa hiari yake, akamtafute mwanawe Jack aliyenaswa humo, akiwa radhi kubaki naye ikiwa hatakubali kutoka. Jack anakubali, na wote wawili wanatoka.