Bamba Chakula: nani anaweza kukataa?

Kwa sheng, kubamba ni kukamata, kupata. Ndiyo maana mfumo ambao Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, liliuanzisha Kakuma mwaka 2015 kutuma msaada kwa simu ukaitwa Bamba Chakula. Mwaka 2016 Kalobeyei ikafunguliwa, kilomita chache kutoka Kakuma, na huko karibu kila sahani ikategemea laini hiyo: shilingi 1,400 kwa kila mtu kwa mwezi. Pesa hizo hazikutoka taslimu. Ulinunua chakula tu, tena kwenye maduka yaliyosajiliwa.

Watu husema kampuni za programu ziweke kila kitu wazi kabla ya kuzindua. Historia yetu inanifanya nisite. Oktoba 2005 Safaricom na Vodafone walianza kujaribu M-Pesa Thika na Nairobi, kwa wateja wasiofika 500. Ilibuniwa kwa ajili ya kulipa mikopo midogo. Wateja wakaigeuza: huyu anamtumia ndugu yake, yule anaweka pesa ili asafiri bila noti mfukoni. Ilipozinduliwa Machi 2007, ilikuwa huduma ya kutumiana pesa. Wangeitangaza mapema, wangeahidi kitu tofauti kabisa. Kwa hivyo sina shida na bidhaa inayofichwa ikiwa bado jikoni. Mteja wa Thika akichoka nayo, anarudi kwa noti zake, maisha yanaendelea.

Kalobeyei mambo ni tofauti. Watu waliuza chakula kwa hasara ili wapate pesa za viatu na sabuni, na ni kuanzia 2019 tu ndipo baadhi ya kaya zikaanza kupewa pesa zisizo na masharti.

Halafu kuna vidole. Kakuma, alama za vidole ziliingia kwenye ugawaji wa chakula mwaka 2013. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data, inayomtaka anayekusanya data akueleze kabla anaitakia nini na nani mwingine ataipata, ilikuja 2019. Kidole kiliitangulia sheria kwa miaka 6. Si jambo dogo. Garissa, Wakenya walioandikishwa kama wakimbizi ili wapate chakula wakati wa ukame walifika miaka 18 wakanyimwa kitambulisho, kwa sababu alama zao zilikuwa tayari kwenye orodha ya wakimbizi.

Mimi kipimo changu ni kimoja: mtumiaji anaweza kukataa? Kama anaweza, kampuni inyamaze hadi iwe tayari. Kama kukataa ni kulala njaa, aambiwe kwanza, kwa lugha anayoongea nyumbani: mnachukua nini, mnampa nani, mfumo ukikosea nimwone nani, na jina langu linafutwaje.