Jua la Wapangaji na Jua la Wenye Majengo: New York, 1879–1916

Habari za haki ya mwanga wa jua jijini New York kwa kawaida huanzia mwaka 1916. Mimi naona tuanzie nyuma zaidi, kwenye nyumba za kupanga za Lower East Side, kwa kuwa giza liliwaumiza watu huko miaka mingi kabla halijamtia hasara tajiri yeyote.

Mwaka 1879 sheria ilitaka kila chumba cha kulala kiwe na dirisha la kuingiza hewa na mwanga. Wenye viwanja, ambavyo kwa kawaida vilikuwa na upana wa mita 7.6 na urefu wa mita 30, wakatii kwa ujanja: jengo lilibanwa kiunoni, na kati yake na jengo jirani ukabaki uwazi wa mita 1.5 hivi, uliopanda ghorofa tano au sita. Madirisha yakawepo, jua lisionekane. Kati ya vyumba 14 vya kila ghorofa, ni 4 tu vilivyotazama barabara au ua wa nyuma. Vingine vilitazama uwazi ule, ambao uligeuka jaa la taka, na moto ulipozuka ulipandisha miali juu kama dohani. (Aliyewahi kupanga chumba cha ndani mtaa wa Pipeline, Nairobi, na kuwasha taa saa sita mchana, hahitaji picha.) Sheria ya 1901 ilikataza ramani hiyo kwa majengo mapya na kudai nyua pana zaidi. Katika majengo ya zamani yalitobolewa madirisha kwenye kuta za ndani, chumba kikawa kinaazima mwanga kwa chumba kingine.

Mwaka 1915 jengo la Equitable likakamilika Broadway: ghorofa 38 zilizopanda wima kutoka ukingo wa barabara, na kivuli kilichokadiriwa kufunika karibu hekta 3. Safari hii waliotiwa gizani walikuwa wenye ofisi. Wapangaji wao walihama, nao wakadai majengo yao yatathminiwe upya kwa kuwa thamani imeshuka. Wafanyabiashara wa Fifth Avenue nao walikuwa na lao: hawakutaka viwanda vya nguo viwakaribie. Julai 1916 jiji likapitisha sheria ya kugawa maeneo. Jengo likifika kimo fulani lilipaswa kurudi nyuma ngazi kwa ngazi ili mwanga ushuke barabarani. Mnara uliruhusiwa kupanda bila kikomo juu ya robo tu ya kiwanja. Umbo la Empire State, lililokamilika 1931, limetokana na kanuni hiyo.

Tukizilinganisha sheria hizi mbili, swali si kama jiji lilijua thamani ya jua. Lilijua tangu 1879. Ila lilipopimwa kwa afya ya mhamiaji, utekelezaji ulichukua zaidi ya miaka 20 na bado ukawa nusu. Lilipopimwa kwa bei ya kiwanja, jibu lilipatikana ndani ya mwaka mmoja hivi. Vyumba vya ndani vilivyojengwa kabla ya 1901 viliendelea kupangishwa.